RUBANI NAYE NI MFANYAKAZI: Jinsi anavyosailiwa, anavyoajiriwa na anavyofundishwa



Katika mikutano yetu ya hivi karibuni swali moja limetufikia zaidi ya mara moja, na safari ya mwisho limeulizwa na mzee mmoja wa kiwanda cha chai. Kijana wake amemaliza sekondari, hesabu anaziweza, na tangu utoto hataki kusikia kazi nyingine ila ya kurusha ndege. Sasa amejitokeza bwana mmoja mjini, mwenye maneno matamu na viatu vinavyong'aa, anayesema kwamba akipewa fedha kiasi fulani atampeleka kijana ng'ambo, na baada ya mwaka mmoja atarudi akiwa rubani mwenye kazi yake tayari. Mzee anataka kujua kama auze shamba lake la kahawa.

Ofisi yetu hapa Kigobe si ofisi ya ndege. Lakini kuajiriwa ni kuajiriwa, na mkataba ni mkataba, uwe wa mchuma chai au wa mtu anayeketi mbele ya vipimo mia. Nimewauliza wanaojua, nimesoma niliyoweza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Jibu fupi kwa mzee ni kwamba asiuze bado. Jibu refu linafuata.

LESENI KWANZA, KAZI BAADAYE

Wengi wetu hudhani kampuni ndiyo inayomfanya mtu kuwa rubani. Sivyo. Rubani hufanywa na leseni, na leseni hutolewa na serikali, haitolewi na shule wala kampuni. Serikali nazo hazijitungii tu. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago, Marekani, yakaandika mkataba wa usafiri wa anga, na kutokana na mkataba huo likazaliwa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambalo makao yake yako Montreal, Kanada. Shirika hilo ndilo linaloweka kiwango cha chini ambacho kila nchi hutakiwa kukifikia. Kwa hiyo ngazi za kupanda karibu zinafanana, ukiwa Nairobi, Addis Ababa au Brussels.

Ngazi ya kwanza ni ya daktari, na hapa nataka wazazi wasimame kidogo. Rubani wa abiria lazima apate cheti cha afya cha daraja la kwanza, na cheti hicho hupimwa upya angalau kila mwaka kwa maisha yake yote ya kazi. Hupimwa macho, masikio, moyo, mapafu, mkojo na akili. Miwani peke yake haimkatazi mtu, mradi akiivaa aone sawasawa. Lakini asiyeweza kutofautisha taa nyekundu na kijani, au mwenye kifafa, atakwama hapo. Kipimo hiki kinagharimu fedha kidogo sana ukilinganisha na masomo yenyewe. Basi mtu apimwe kwanza, na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, kabla hajalipa senti moja ya ada. Ajabu ni kwamba madalali hawataji kipimo hiki, maana kijana akishindwa hapo biashara yao imekwisha.

Baada ya daktari huja saa za kuruka. Leseni ya kwanza, ya mtu binafsi, hutaka umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 angani. Haimruhusu mtu kulipwa. Leseni ya biashara, ambayo ndiyo ya kula nayo, hutaka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Juu yake huongezwa ruhusa ya kurusha ndege ya injini mbili na ruhusa ya kuruka kwa kutazama vipimo tu, yaani ndani ya mawingu ambako huoni ardhi wala mbingu. Na leseni kubwa kabisa, ile inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, hutaka miaka 21 na saa 1,500. Kila saa huandikwa katika daftari na kutiwa sahihi. Daftari hilo ndilo kitambulisho cha rubani. Anayeandika saa za uongo humo anacheza na leseni yake na roho za watu.

Kuna na lugha. Tangu Machi 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima apimwe kuzungumza Kiingereza kama ndicho anachotumia kwenye redio, kwa ngazi sita, na asiyefika ngazi ya nne haruhusiwi. Anayepata ngazi ya nne hurudi kupimwa kila miaka mitatu. Watoto wetu husoma kwa Kifaransa. Sheria ya mwaka 2014 iliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, lakini sheria haiwezi kuongea mahali pako mbele ya kipaza sauti. Kijana wa Buyenzi anayezungumza Kiswahili na Wakenya na Watanzania sokoni asidhani hilo litamsaidia hewani. Aanze Kiingereza leo.

Hizo saa 200 zinagharimu makumi ya maelfu ya dola. Nimeandika makumi ya maelfu, si makosa ya mpiga chapa. Ndege hunywa mafuta, mwalimu hulipwa, na mtambo hufanyiwa matengenezo kwa kila saa uliyokaa angani. Kwa hiyo mtu akikuahidi urubani kwa fedha ya pikipiki mbili tatu, jua anauza karatasi.

PENGO LA KATIKATI

Tuseme kijana amefaulu yote hayo. Ana leseni ya biashara na saa zake 200. Je, kazi iko tayari? Hapana, na hapa ndipo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wanapokaa miaka wakizunguka na bahasha. Makampuni mengi hutaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Wafanyakazi mnaujua wimbo huu.

Wengine huziba pengo kwa kubaki shuleni wakifundisha wanafunzi wapya. Wengine hupata vindege vya injini moja vinavyopeleka watalii Maasai Mara na Serengeti, au vinavyobeba mizigo. Kutoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, ambako zimejaa shule za urubani, vijana wengi wamejaza madaftari yao kwa kupeleka miraa Somalia. Ni kazi ngumu, viwanja ni vya vumbi, na mwenye ndege anajua kwamba rubani anahitaji saa kuliko mshahara. Basi hulipa ipasavyo? Jibuni wenyewe.

Zamani mlango ulikuwa mwingine. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja, East African Airways, lililoanza 1946, na mwaka 1971 Jumuiya ya wakati ule ilifungua shule ya urubani Soroti, Uganda, ili shirika lipate vijana wake. Shirika likavunjika 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, kila nchi ikashika lake. Shule ya Soroti ilibaki mikononi mwa Uganda. Sisi Burundi tulianzisha shirika letu 1971, likaitwa Air Burundi tangu 1975, likaacha kuruka 2009. Nchi ikikosa shirika linaloruka, vijana wake hukosa nafasi ya kwanza, kwa sababu kampuni za serikali za majirani hutanguliza raia wao. Hilo halipendezi, lakini si siri.

Mlango mzuri zaidi uliobaki ni ule wa kampuni kuchukua kijana mbichi, kumsomesha na kumwajiri. Ethiopian Airlines wana chuo chao Addis Ababa, na Kenya Airways nao wamewahi kuchagua vijana na kuwasomesha, wengine wakipelekwa Afrika Kusini. Nafasi kama hizi hutangazwa hadharani. Anayesema yeye peke yake ndiye anayejua nafasi hizo mwulizeni tangazo liko wapi.

SIKU YA USAILI

Usaili wa rubani hauanzi kwenye meza ya mabwana wakubwa. Huanza kwa makaratasi: vyeti vya shule, hesabu na fizikia vikiangaliwa zaidi, leseni, cheti cha afya, daftari la saa. Kisha huja mitihani ya kuandika, na baadaye mashine. Mtu hukalishwa mbele ya kompyuta, mkono mmoja ukiongoza nukta isitoke kwenye mstari, huku sikioni anasomewa tarakimu za kujumlisha. Hawatafuti mwenye akili nyingi sana. Wanatafuta yule asiyeacha kazi moja ianguke anapopewa ya pili.

Wanaofaulu huitwa mbele ya jopo. Mara nyingi huwa kuna ofisa wa waajiriwa na kapteni mmoja au wawili. Kapteni huuliza ya kazi. Hukupa taarifa ya hali ya hewa iliyoandikwa kwa mkato wa herufi na tarakimu, uisome kama unavyosoma barua. Hukupa ramani ya kutua. Kwa mfano anaweza kusema: unakuja Bujumbura, mawingu yako chini, milima iko mashariki na mingine ng'ambo ya ziwa, utashuka mpaka urefu gani kabla hujaona barabara, na usipoiona utageukia wapi? Hukuuliza juu ya ule mwendo ambao ndege ikishaufikia wakati wa kuruka haiwezi tena kusimama salama, na injini ikifa baada ya hapo ni lazima upae na hiyo moja. Majibu haya yamo vitabuni.

Swali gumu halimo kitabuni. Hulitoa kwa sauti ya upole: wewe ni msaidizi, kapteni wako ni mtu mzima wa rika la baba yako, na unaona anakosea. Utafanya nini?

Kwa malezi yetu jibu ni kunyamaza, au kusema kwa kuzunguka. Jopo halitaki hivyo. Linataka mtu atakayesema kwa heshima na kwa maneno yaliyo wazi, asiposikiwa aseme tena, na hatari ikizidi ashike usukani. Sababu yake imeandikwa kwa damu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kameruni, katika mvua na giza. Baada ya dakika chache tu ilianguka katika kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Kameruni, katika ripoti yao ya 2010, walieleza kwamba ndege ilipinduka polepole bila kutambuliwa, na miongoni mwa sababu wakataja kwamba marubani wawili hawakufanya kazi pamoja inavyotakiwa. Injini zilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumwambia mwenzake kwa wakati.

Ndugu, nimelikaa jambo hili kwa sababu linatuhusu. Katika kazi ya ndege duniani kote sasa ni fundisho la lazima, tena linarudiwa, kwamba mdogo ana haki na wajibu wa kumwambia mkubwa "simamisha". Kiwandani kwetu kijana akimwambia mnyapara kwamba kinga ya mashine imevunjika huambiwa ana kiburi. Makampuni ya ndege hayakuwa na huruma kuliko waajiri wetu. Yalihesabu hasara tu.

KUFUNDISHWA BAADA YA KUAJIRIWA

Aliyepita usaili hawi bado rubani wa abiria. Leseni yake inasema anaweza kurusha ndege, lakini kila aina ya ndege kubwa hutaka ruhusa yake. Hukaa darasani majuma kadhaa akisoma aina hiyo tu: mafuta yanapita wapi, umeme unatoka wapi, breki zinafanya kazi vipi. Halafu huingia katika simuleta, chumba kilichojengwa kama sehemu ya mbele ya ndege, kikisimama juu ya miguu ya mashine inayokitikisa na kukiinamisha. Humo huwashiwa moto wa uongo, injini huzimwa, magurudumu hukataa kushuka. Hufa mara kumi bila kufa. Simuleta ni ghali, kwa hiyo makampuni madogo huwapeleka watu wao nchi nyingine kuikodi kwa saa.

Akifaulu huko, hupanda ndege ya kweli yenye abiria wa kweli, ila karibu naye ameketi kapteni mwalimu. Hufanya safari nyingi namna hiyo mpaka mkaguzi aridhike. Na hata hapo hakumaliza. Mara mbili kwa mwaka hurudishwa kwenye mtihani, mwaka baada ya mwaka mpaka anastaafu. Katika safari za kimataifa zenye marubani wawili mwisho ni miaka 65. Akishindwa huondolewa kwenye ratiba mpaka afundishwe tena. Sijui kazi nyingine ambayo mtu huomba upya kila miezi sita kiti anachokikalia.

Mtihani ukipunguzwa ili kuokoa fedha, matokeo huja. Tarehe 12 Februari 2009 huko Marekani ndege ya Colgan Air, kampuni ndogo iliyofanya safari kwa jina la kampuni kubwa, ilianguka karibu na Buffalo. Wakafa watu 50, mmoja wao nyumbani kwake. Ilikuwa Dash 8 Q400, aina ambayo Air Tanzania na Ethiopian nao wanaitumia. Mwendo ulipungua, mtambo ukamtahadharisha kapteni, naye akavuta usukani badala ya kuusukuma. Ikaonekana kwamba aliwahi kufeli mitihani kadhaa na hakuitaja yote alipoomba kazi, na kwamba ule mtambo wa mwisho wa kuiokoa ndege hakuwa amefanyishwa mazoezi nao katika simuleta. Msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini, kwa sababu mshahara wake wa mwaka uliotangulia, karibu dola 16,000, haukumwezesha kupanga nyumba karibu na kituo chake.

Jamaa wa waliokufa hawakukubali yaishie hapo. Walikaa mlangoni mwa bunge lao mpaka sheria ikatoka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa abiria huko hutakiwa awe na saa 1,500, au pungufu kwa aliyetoka jeshini au chuo kilichokubaliwa. Marubani wakawa adimu. Na wakiwa adimu, mishahara ikapanda: mwaka 2022 kampuni tatu ndogo za American Airlines zilitangaza kwamba anayeanza atapata dola 90 kwa saa ya kuruka, ijapokuwa sehemu yake ilikuwa ya muda. Wale waliosema miaka yote kwamba fedha haipo walizipata.

MKATABA WA KUFUNGWA

Nimeliacha jambo hili mwisho kwa kuwa ndilo letu hasa. Kampuni ikilipa mafunzo huwekesha sahihi mkataba kwamba kijana atafanya kazi miaka mitatu, mitano au zaidi, na akiondoka mapema atalipa gharama. Si jambo baya lenyewe. Aliyelima ana haki ya kuvuna. Ubaya umo ndani ya maneno madogo. Je, deni linapungua kila mwezi anaofanya kazi, au linabaki zima mpaka siku ya mwisho? Kampuni ikimfukuza yenyewe, au ikifilisika, bado anadaiwa? Akipoteza cheti cha afya kwa ugonjwa asiojitakia? Gharama iliyoandikwa ni ile iliyolipwa kweli, au imeongezwa? Na nani amewekwa mdhamini: kijana, au baba yake na shamba lake?

Rubani mwenye deni lisilopungua huruka amechoka, maana hawezi kukataa. Sheria humruhusu, tena humwamuru, kusema "leo sifai kuruka". Lakini mtu ambaye shamba la baba yake limewekwa rehani husema neno hilo kwa shida. Kwa hiyo mkataba wa namna hiyo usitiwe sahihi siku ile ile unapotolewa. Uchukuliwe nyumbani, usomwe na mwanasheria au na chama, na maswali hayo yajibiwe kwa maandishi. Ofisi yetu iko tayari kuusoma mkataba wowote utakaoletwa, hata wa ndege.

Na marubani wenyewe, pamoja na kofia na mistari ya dhahabu begani, wana vyama. Wa Kenya Airways, kupitia chama chao, waligoma kuanzia tarehe 5 Novemba 2022. Walidai kampuni irudishe mchango wake katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na ilipe mishahara iliyozuiwa wakati wa Korona mwaka 2020. Safari nyingi zilifutwa na abiria wakakwama Nairobi, na magazeti mengine yaliwaita walafi. Mahakama ya kazi iliamuru warudi saa 12 asubuhi ya tarehe 9, ikaiamuru pia kampuni isiwasumbue wala kuwaadhibu kwa kugoma. Asubuhi hiyo walirudi kazini, na madai yao yakabaki mbele ya mahakama.